Rangi ya Choo na Karne Mbili za Kuisoma Vibaya

Daktari wa Kiingereza aliyemhudumia mgonjwa wa kipindupindu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 alikuwa na dalili moja aliyoisubiri kuliko zote: choo cha kijani. Mgonjwa aliyelala mbele yake alikuwa akiharisha majimaji meupe yaliyofanana na maji yaliyooshea mchele, yasiyo na harufu ya kawaida ya kinyesi wala dalili yoyote ya rangi ya nyongo. Kwa daktari yule maana ilikuwa wazi. Nyongo imefungwa ndani ya ini, na kufungwa huko ndiko ugonjwa wenyewe. Ikifunguliwa, mgonjwa atapona. Dawa ya kuifungulia ilikuwa kalomeli, chumvi ya zebaki na klorini, aghalabu ikiambatana na afyuni. Joseph Ayre, daktari wa mji wa Hull, alijulikana katika milipuko ya mwaka 1832 na 1849 kwa kuitoa kwa vipimo vidogo vidogo, kila baada ya dakika chache, saa nyingi mfululizo. Wagonjwa wengi walikufa. Waliobaki hai walianza baadaye kupata choo cha kijani, na madaktari wakaridhika kwamba nyongo imerudi na dawa imefanya kazi. Kumbe kalomeli humpa choo cha kijani hata mtu asiye na kipindupindu. Nyongo hutoka kwenye ini ikiwa na rangi ya manjano inayoelekea kijani, na ni bakteria wa utumbo wanaoigeuza kuwa ya kahawia. Zebaki ikiwadhoofisha bakteria hao na kuusukuma uchafu nje upesi, kijani hubaki kijani. Daktari alikuwa akisoma kazi ya dawa yake mwenyewe na kuiita kupona kwa mgonjwa.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa, na wengi wamewacheka. Lakini tukiwaangalia kwa haki tutakuta kwamba hawakuwa wajinga wala vipofu. Choo cha mgonjwa wa kipindupindu kweli ni cheupe. Mgonjwa anayepona kweli hupata tena choo chenye rangi. Uhusiano walioudai upo; walichokosea ni kudhani kwamba ukiirudisha rangi umeurudisha uzima, jambo ambalo ni sawa na kusogeza mshale wa saa ukitumaini jua litachomoza mapema. Na hapo ndipo ilipo hoja ninayotaka kuijenga. Historia ya kusoma rangi ya choo kwa kawaida husimuliwa kama safari kutoka kwenye ujinga wa macho matupu hadi kwenye elimu ya maabara. Mimi naiona vingine. Macho ya matabibu yalikuwa mazuri tangu zamani sana. Kilichowaponza ni swali waliloiuliza rangi: walitaka iwaambie hali ya mwili mzima na sababu ya ugonjwa kwa mpigo mmoja. Rangi ya choo ilianza kuokoa maisha ya watu wengi pale tu ilipoulizwa swali dogo, la umri fulani na rangi fulani, na pale aliyeulizwa alipokuwa mtu anayekiona choo kila siku, ambaye mara nyingi si daktari.

Swali kubwa lilikuwa na nasaba ndefu. Katika maandiko yanayohusishwa na Hippocrates, choo cheupe, cha kijani hafifu, cheusi au cha majimaji kimetajwa miongoni mwa dalili mbaya, kila kimoja kikipewa uzito wake katika kutabiri kama mgonjwa atapona au atakufa. Galen akaifanya elimu hiyo kuwa mfumo: mwili una vimiminika vinne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kinachotoka mwilini ni taarifa ya mizani ya hivyo vinne. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliurithi mfumo huo katika kitabu chake cha Qanun, akaeleza rangi za choo kwa makini, na alijua kwamba choo kikiwa cheupe huenda njia ya nyongo imeziba na kwamba jambo hilo huendana na umanjano wa mwili. Hilo ni kweli hadi leo, neno kwa neno. Elimu hiyo ya vimiminika ilisafiri na vitabu vya tiba vya Kiarabu hadi pwani ya Afrika Mashariki, na matabibu wa pwani wakazungumza kuhusu safura na sauda, yaani nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kuhusu vyakula vya moto na vya baridi, karne nyingi kabla ya hospitali za kikoloni. Udhaifu wake haukuwa katika kuona. Ulikuwa katika kwamba kila rangi ilikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa lilelile siku zote: kimiminika fulani kimezidi au kimepungua, basi kiondolewe au kiongezwe.

Weupe wa choo cha kipindupindu unafaa kuwa mfano kwa sababu watu watatu waliuangalia katika kipindi kifupi wakauuliza maswali matatu tofauti. Wa kwanza ni Ayre na wenzake, ambao tumeshawaona. Wa pili ni William Brooke O'Shaughnessy, kijana wa miaka 22 aliyekwenda Sunderland mwishoni mwa mwaka 1831, ugonjwa ulipotua Uingereza. Hakuuliza nyongo imekwenda wapi; aliuliza ni nini kilichomo ndani ya maji yale meupe. Akapima damu ya wagonjwa akakuta imepungukiwa maji na chumvi, na kwamba kilichopungua kwenye damu ndicho kilichokuwa kwenye choo. Miezi michache baadaye, Mei 1832, Thomas Latta wa Leith alianza kuwatia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mshipa, na baadhi yao waliokuwa wamekata roho nusu wakaketi kitandani na kuzungumza. Wa tatu ni John Snow, anayejulikana zaidi kwa bomba la maji la Broad Street mwaka 1854. Snow aliona kwamba kwa kuwa choo hicho hakina rangi wala harufu ya kinyesi, hulowanisha mashuka bila mtu kutambua, na mikono ya wanaomuuguza mgonjwa huchafuka bila wenyewe kujua, kisha huenda na uchafu huo kwenye chakula. Weupe uleule ambao kwa Ayre ulikuwa habari ya ini, kwa Snow ulikuwa maelezo ya jinsi ugonjwa unavyopita mlangoni bila kuonekana.

Leo tunajua kwamba nyongo ya mgonjwa wa kipindupindu haijafungwa popote. Sumu ya bakteria huulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi, wakati mwingine hadi lita moja kwa saa, na nyongo kidogo iliyopo humezwa na mafuriko hayo mpaka haionekani. S. N. De alionyesha kuwapo kwa sumu hiyo mjini Kolkata mwaka 1959. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi Dhaka, walithibitisha kwamba mgonjwa anaweza kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari yakarudisha kile anachopoteza, na mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, ambako vifo miongoni mwa waliotibiwa hivyo vilishuka hadi chini ya 4 kwa kila 100. Kati ya Latta na Mahalanabis kuna miaka 139. Katikati yake kipindupindu kilifika Zanzibar mara kadhaa, ikiwemo mlipuko mkubwa wa 1869 na 1870, ambao daktari Mskoti aliyekuwa akiishi kisiwani, James Christie, aliufuatilia nyuma kwa kuwahoji wasafiri na wafanyabiashara wa misafara, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1876 kwamba uliingia kwa njia za bara hadi Pangani kabla ya kuvuka bahari. Kazi ya Christie inavutia kwa sababu ni ya ushahidi wa watu waliokuwepo njiani. Tiba yenyewe, kama ilivyokuwa kwa wenzake wote wa wakati huo, haikuwa na la kujivunia.

Kuhusu rangi nyeusi nitapita haraka, ingawa ina historia yake. Choo cheusi chenye mng'ao na unato wa lami huashiria mara nyingi kwamba damu inavuja tumboni au mwanzoni mwa utumbo na imemeng'enywa njiani. Ila vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, na choo cha kwanza cha mtoto mchanga ni cheusi-kijani bila ubaya wowote. Wakale waliouona weusi huo waliuita nyongo nyeusi. Wakemia wa karne ya 19 walifanya jambo la werevu zaidi: badala ya kubishana na weusi walitafuta rangi mpya. Mwaka 1864 Van Deen wa Uholanzi alitumia utomvu wa mti wa guayaki, unaogeuka buluu unapokutana na damu, na mwaka 1901 Ismar Boas wa Berlin akahimiza kutafuta damu isiyoonekana kwa macho kwenye choo cha wenye saratani. Mwaka 1967 David Greegor wa Ohio akawapa watu kadi zenye utomvu huo waende nazo nyumbani, na jaribio kubwa la Minnesota lililochapishwa mwaka 1993 likaonyesha kwamba kupima kila mwaka hupunguza vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 33. Tuzingatie kadi ile ilichouliza: kuna damu au hakuna. Na tuzingatie mahali ilipojazwa: nyumbani.

Ila mfano ulio tajiri kuliko yote ni wa rangi hafifu ya choo cha mtoto mchanga. Choo cha binadamu kina rangi yake ya kahawia au manjano kwa sababu ya nyongo. Chembe nyekundu za damu zikizeeka na kuvunjika, mabaki yake ya manjano huchukuliwa na ini, huchanganywa kwenye nyongo, hushuka utumboni kupitia mirija, na huko hubadilishwa na bakteria. Mirija ikiziba, manjano hubaki mwilini na choo hupauka. Mkojo nao huwa mzito wa rangi, kwa sababu figo hujaribu kutoa kile ambacho ini limeshindwa kukitoa. Kuna ugonjwa ambao humpata mtoto 1 kati ya takriban 6,000 katika baadhi ya nchi za Asia, na 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 katika sehemu kubwa ya Ulaya, ambapo mirija hiyo huvimba, hukakamaa na kuzibika katika wiki za mwanzo za maisha. John Thomson wa Edinburgh alikusanya visa 50 vya ugonjwa huo na kuvieleza mwaka 1892. Asipotibiwa, mtoto kwa kawaida hafiki mwaka wa tatu. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba huja umejificha. Watoto wachanga wengi huwa na manjano katika wiki ya kwanza na hupona wenyewe. Wengine wanaonyonya hubaki na manjano kidogo kwa wiki kadhaa bila madhara. Mtoto huyu naye ananyonya vizuri, ananenepa, anacheka kwa wakati wake. Muuguzi humwambia mama amwanike mtoto jua la asubuhi. Kinachomsaliti mgonjwa ni nepi peke yake.

Hadi katikati ya karne ya 20 madaktari waliona kwamba hakuna la kufanya kwa walio wengi, kwa kuwa mpasuaji akifungua tumbo hakuti mrija wowote wa kuunganisha. Mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, Morio Kasai alikata tishu iliyokakamaa kwenye lango la ini na kuupandisha utumbo ukae juu ya jeraha lile, na nyongo ikapata pa kutokea. Choo cha mtoto kikapata rangi. Kasai na Sozo Suzuki waliandika kuhusu upasuaji huo kwa Kijapani mwaka 1959, na maelezo ya Kiingereza yakatoka mwaka 1968. Madaktari wengi wa Magharibi walichukua miaka kukubali. Jambo moja lilijitokeza mapema na halijawahi kupingwa kwa nguvu: umri ni kila kitu. Mtoto anayepasuliwa kabla ya siku 60 ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki na ini lake mwenyewe. Baada ya siku 90 nafasi hiyo hushuka sana, kwa sababu ini limeshajaa makovu. Njia iliyobaki ni kupandikiza ini la mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu, uliofanywa na Thomas Starzl mjini Denver Machi 1963, ulikuwa wa mtoto wa miaka 3 mwenye ugonjwa huohuo, na mtoto huyo alifia mezani.

Mpinzani wa hoja yangu ana neno zito hapa, na ni vema alisikie msomaji. Atasema: kuchelewa hakukutokana na swali baya, kulitokana na kukosekana kwa upasuaji. Faida gani ya kumwambia mama atazame nepi mwaka 1892, wakati daktari hana cha kumpa? Kwa miaka kabla ya Kasai nakubaliana naye kabisa. Kumsumbua mama kwa dalili isiyo na tiba ni kumwongezea msiba. Lakini hesabu yake haifiki mwisho. Kutoka mwaka 1968, upasuaji ulipojulikana kwa Kiingereza, hadi 1994 ni miaka 26. Katika miaka hiyo yote tiba ilikuwepo, sharti la umri lilijulikana, dalili ilikuwa mbele ya macho, na bado watoto waliendelea kufika kwa mpasuaji wakiwa na miezi mitatu au minne, katika nchi tajiri zenye madaktari wa kutosha. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa kukosekana kwa kisu.

Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba dalili ilikuwa imehifadhiwa kwa maneno, na maneno ya rangi ni dhaifu mno kwa kazi hii. Vitabu vilisema choo cha mtoto huyu ni cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Kwa baadhi ya watoto ni kweli. Kwa wengine, hasa mwanzoni, ni cha manjano iliyopauka, rangi ya malai au ya siagi, kwa sababu bado nyongo kidogo inapenya au kwa sababu chembe za ukuta wa utumbo zenye manjano humomonyoka na kukipaka choo. Daktari akimuuliza mama, choo kina rangi gani, mama hujibu manjano, daktari huandika kawaida, na wote wawili wamesema ukweli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 uliwaonyesha wauguzi na madaktari wa watoto picha za nepi, na hata wao walikosea sehemu kubwa ya vyoo vilivyopauka. Sababu ya pili ni kwamba ushahidi ulitakiwa ufike kliniki. Daktari humwona mtoto kwa dakika kumi, siku ambayo huenda nepi ni safi. Mama au nyanya ameona nepi mia mbili. Mfumo mzima ulimtegemea aliyeona mara moja na kumwacha nje aliyeona kila siku, na alipoulizwa aliulizwa kwa lugha isiyoweza kubeba jibu lake.

Akira Matsui, daktari wa watoto katika Chuo cha Tiba cha Jichi kilichopo mkoa wa Tochigi kaskazini mwa Tokyo, alitatua yote mawili kwa kipande cha karatasi. Si bahati tu kwamba jambo lilianzia hapo: chuo hicho kilianzishwa mwaka 1972 kwa shabaha ya kufundisha madaktari wa maeneo ya vijijini, na kadi ya Matsui ni chombo cha mtu anayefikiria mahali ambapo mtaalamu wa ini hayupo. Kuanzia mwaka 1994 kila mama wa Tochigi alipewa kadi yenye rangi za choo zilizochapishwa na kupewa namba, kutoka nyeupe-kijivu kupitia manjano iliyopauka hadi kahawia na kijani. Kabla ya uchunguzi wa mwezi mmoja, mama alilinganisha nepi na kadi, akaandika namba, akaikabidhi. Hakuulizwa kama mtoto anaumwa. Hakuulizwa maana ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuchagua namba. Japani ilikuwa na mahali pa kuiweka kadi hiyo, kwa sababu tangu mwaka 1948 imekuwa ikitoa kijitabu kimoja cha afya ya mama na mtoto, ambacho chimbuko lake ni daftari la wajawazito la mwaka 1942, na familia hukitunza nyumbani. Matokeo ya miaka 19 yalichapishwa mwaka 2015: zaidi ya watoto 313,000 walizaliwa Tochigi, kadi zilirudi kwa asilimia 84, na watoto 34 walikutwa na ugonjwa. Wastani wa umri wa upasuaji ulikuwa chini kidogo ya siku 60, na miaka mitano baadaye zaidi ya asilimia 87 ya waliopasuliwa walikuwa bado na ini lao. Mwaka 2012, hata kabla ya hesabu hiyo kukamilika, kadi ilikuwa imeshaingizwa kwenye vijitabu vya nchi nzima.

Taiwan ilikwenda mbio zaidi. Kisiwa hicho kilikuwa na sababu ya kujali ini: homa ya ini aina ya B ilikuwa imeenea sana, na mwaka 1984 kilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake kabla ya mataifa mengine kufanya hivyo kitaifa. Kundi la Mei-Hwei Chang katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan lilijaribu kadi kuanzia mwaka 2002, na mwaka 2004 ikawa ya kitaifa. Katika jaribio la awali kadi za watoto 78,184 zilirudi. 29 kati yao walikuwa na ugonjwa, na 26 kati ya hao 29 walinaswa na kadi kabla ya siku 60. Ulinganisho wa kabla na baada ya kadi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto waliofika miaka mitano wakiwa hai walipanda kutoka takriban asilimia 56 hadi 89. Upasuaji ni uleule wa Kasai. Wapasuaji walizidi kuwa hodari, hilo sitalikana, na huduma ya kupandikiza ini nayo ilikua. Lakini kilichobadilika ghafla katika miaka ile ni siku ambayo mtoto alifika mlangoni. Uswisi, jimbo la British Columbia nchini Kanada na baadaye Ufaransa zikafuata, kila moja kwa namna yake.

Kadi si kamilifu, na wanaoipenda kupita kiasi wanaiharibia jina. Tochigi ilinasa karibu robo tatu tu ya wagonjwa. Waliobaki choo chao kilipauka baadaye, au mama alichagua rangi ya jirani. Kuna wanaosema basi tuiache, tupime damu. Huko Texas kundi la Sanjiv Harpavat lilipima aina fulani ya manjano kwenye damu ya watoto zaidi ya 123,000, likarudia kipimo kwa wenye shaka wakiwa na wiki mbili, na mwaka 2020 likaripoti kwamba wagonjwa wote 7 walipatikana. Ni kazi nzuri, na mahali ambapo kila mtoto huzaliwa hospitalini na maabara inafanya kazi usiku na mchana nadhani itashinda. Hofu nyingine ni kwamba kadi itawatia wazazi wazimu. Takwimu hazionyeshi hivyo: kote Tochigi na Taiwan, karibu watoto 999 kati ya kila 1,000 wasio na ugonjwa walisomwa sawasawa. Sababu ni kwamba kadi imekataa kuuliza maswali mengine. Haijali choo cha kijani, ambacho huwatisha wazazi wengi bila sababu. Hatari yake halisi ni ya kiwandani: wino ukibadilika, au ikitolewa fotokopi, manjano iliyopauka na manjano nzima hukaribiana, na kadi inaanza kudanganya.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwetu. Nchini Tanzania, Kenya au Uganda wapasuaji wanaoweza kazi ya Kasai ni wachache na wako katika miji mikubwa, na kupandikiza ini la mtoto mara nyingi humaanisha safari ya nje, India kwa mfano, kwa gharama ambayo familia nyingi haziimudu. Je, hatumrudishi mama yule wa mwaka 1892, kumpa dalili bila tiba? Ningekubali kama upasuaji ungekuwa ndiyo faida pekee. Lakini nyongo isiyofika utumboni humnyima mtoto vitamini K, na bila hiyo damu haigandi. Baadhi ya watoto hawa ugonjwa wao hujulikana kwa mara ya kwanza wanapovuja damu kwenye ubongo. Sindano ya vitamini K ni rahisi, na zahanati inaweza kuitoa. Vilevile choo kilichopauka huonyesha magonjwa mengine yanayofunga njia ya nyongo, na mengine yanatibika kwa kisu cha kawaida zaidi. Kama ni chombo, tunacho: kadi ya kliniki anayoijua kila mama wa ukanda huu, inayokaa ndani ya mkoba pamoja na nepi zenyewe. Taiwan iliongeza sharti kwamba rangi isiyo sawa iripotiwe kwenye kituo cha usajili ndani ya saa 24, kwa simu au faksi, ili namba ya mama isisubiri miadi. Na hapa ratiba ya chanjo ina neno la kusema. Baada ya chanjo za kuzaliwa, safari inayofuata ya mtoto kwenda kuchanjwa ni ya wiki ya 6, yaani siku ya 42, ambayo inaacha siku 18 za kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa kabla ya siku ya 60. Chanjo inayofuata ni ya wiki ya 10, siku ya 70.